Nyokabi, Mwambie Mkwe Wangu

Nelima alikaa mbele ya kompyuta alasiri yote akitazama kilima. Kilikuwa kilima cha kijani kisicho na mti, ng'ombe wala ua, na juu yake mawingu meupe machache yaliyosimama pale pale. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Mguu wake wa kulia, uliofungwa plasta kutoka kwenye vidole hadi juu ya goti, ulikuwa umelazwa juu ya kreti ya soda. Nyokabi, jirani yake, alikuwa amemketisha hapo asubuhi, akamwachia chupa ya chai, nusu mkate na ndoo yenye kifuniko, kisha akaenda kuuza nguo za mitumba katika soko la mji mdogo wa Ziwa.

Alijua la kufanya. Alikuwa amefundishwa kwamba stima ikipotea na kurudi, abonyeze kitufe cha mviringo na kungoja. Stima ilipotea mchana, ikarudi. Akabonyeza. Kilima kikatokea. Akangoja.

Alidhani kilima ni kama pazia la kanisani siku ya maigizo, na kwamba baada yake lazima atokee mtu. Katikati ya nyasi kulikuwa na mshale mweupe mdogo. Kadiri alivyoutazama ndivyo ulivyozidi kufanana na mwanamke aliyejifunga kitambaa cheupe, akiteremka polepole. Nje ya dirisha mashine ya kupukuchulia mahindi ilikuwa ikinguruma kwa jirani, na makapi yalielea hewani, yakaingia chumbani pamoja na jua, yakatua juu ya meza, juu ya plasta, juu ya mkate. Nelima alisinzia. Alipoamka mwanamke alikuwa bado anateremka. Hakuwa na haraka, wala Nelima hakutaka kumharakisha. Kwa muda fulani alisikia hata harufu ya nyasi zile.

Wakati huohuo, katika mji mmoja wa nchi za Ghuba ambako saa ni ileile ya Eldoret, binti yake Sylvia alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya mtoto wa tajiri wake, akipiga simu kupitia programu ya maongezi. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Simu yake mwenyewe ilikuwa ikifungiwa kwenye droo ya mama mwenye nyumba, na Ijumaa alasiri, familia ilipokwenda kumtembelea bibi yao, ndiyo nafasi pekee aliyokuwa nayo. Aliposikia gari likiingia, aliandika maneno machache, akafunga.

Jioni ilipoingia Nelima alikuwa bado anatazama kilima.

*

Kulikuwa na sababu ya kompyuta hiyo kuwa chumbani kwa Nelima wala si kwa Javan, mume wa Sylvia, aliyekaa mlango wa pili katika ploti hiyohiyo ya vyumba vya kupanga mtaani Langas, Eldoret. Javan aliipata pale saiba, duka la intaneti, aliyokuwa akiihudumia ilipofungwa na mwenye duka akamlipa mashine badala ya mshahara. Simu yake ya kioo ilikuwa imekwisha kuuzwa Sylvia alipokuwa akitafuta pasipoti, na sasa alibaki na kabambe, simu ya vitufe isiyo na intaneti. Kazi mpya aliyoipata, ya kupima malori kwenye ghala la nafaka, ilimweka huko mpaka jioni. Nelima, aliyekuja mjini baada ya kuteleza juu ya turubai la mahindi huko Moi's Bridge na kuvunjika mguu, ndiye pekee aliyekuwa nyumbani Ijumaa alasiri. Kwa hiyo mashine ilimfuata yeye.

Tatizo ni kwamba Javan na Nelima hawakuwa wakionana. Kwa Wabukusu wa malezi ya Nelima, mwanamume na mama wa mkewe hawapeani mikono, hawali meza moja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Huko ni kuheshimiana, wala hakuna chuki ndani yake. Vijana wengi wamelegeza mambo hayo. Nelima hakuwa amelegeza, na Javan hakutaka kuwa mtu wa kwanza kumlegezea. Katika miezi yote waliyokaa ukuta mmoja, hawakuwahi kuambiana neno moja kwa moja. Kila neno lilipitia kwa Nyokabi.

Nyokabi alikuwa Mkikuyu aliyezaliwa hapo hapo Langas, mama mnene mwenye sauti ya soko, na aliona mambo hayo kama mchezo alioalikwa bila kuelezwa sheria. Alfajiri na jioni alimshika Nelima kwapani akampeleka bafuni. Wakifika, aligonga bati la ukuta mara mbili, na Javan akaingia chumbani kwa mama mkwe, akashughulikia mashine bila kutazama upande wa kitanda, akatoka. Kila Ijumaa alfajiri aliiwasha, akafungua programu ya maongezi, akaiacha wazi. Hakuwa amewaza kwamba stima ikipotea na kurudi, programu haitajifungua yenyewe.

Jioni ile, bati lilipogongwa, Javan aliingia, akafungua programu, akayaona maneno ya mkewe. Alitoka nayo kichwani, akamsubiri Nyokabi kwenye bomba la maji, akamsomea kama mtoto anayekariri, pamoja na lile "Mayi" ambalo Sylvia humwitia mama yake:

"Anasema, 'Mayi, Javan, mlikuwa wapi? Mkataba umeisha. Wanataka nisaini miaka miwili ingine, na karatasi inaenda kwa wakala Jumamosi ijayo. Nitapiga Ijumaa, saa tisa. Nikiwakosa tena, nitajua mmekubali niendelee.'"

"Haki ya nani," alisema Nyokabi. "Na mama wa watu amekaa hapo mchana wote na gauni ya kanisa."

Alipeleka ujumbe. Nelima alisikiliza, akavuta blanketi juu ya plasta.

"Nyokabi, muulize mkwe wangu yeye anasemaje."

Nyokabi akatoka. Javan alikuwa amesimama palepale, mikono mfukoni.

"Mwambie Mama ni yeye wa kusema. Mguu ni wake."

Nyokabi akarudi na jibu hilo, neno kwa neno, kama alivyozoea. Javan alikuwa amesema hivyo kwa adabu. Aliamini Nelima anataka Sylvia abaki huko mpaka mguu upone, kwa sababu kliniki ilikuwa ikilipwa na Sylvia, na si kazi ya mkwe kumwambia mama mkwe kwamba matibabu yake yanagharimu mke. Nelima naye alilisikia jibu lile kwa namna yake: mwanamume aliyekataa kusema "arudi" ni mwanamume anayetaka fedha ziendelee kuja. Alimsikitikia binti yake, akanyamaza, maana mwanamke aliyeolewa ana mwenyewe.

"Sasa hapo amesema arudi au abaki?" Nyokabi aliuliza.

"Hajasema kitu," alijibu Nelima.

*

Jumapili wanawake wa kanisa walikuja na kiti cha plastiki, wakambeba Nelima juujuu mpaka kanisani, huku wakiimba na mmoja wao akilalamika kwamba ugali wa Moi's Bridge una uzito. Javan akabaki na chumba kizima na asubuhi yote.

Alifanya kazi yake vizuri. Ndani ya kompyuta kuna folda ambayo chochote kinachowekwa humo hujianzisha chenyewe mara tu mtu anapoingia. Aliitafuta, akaweka humo njia ya mkato ya programu ya maongezi. Akazima mashine. Akaiwasha tena. Kilima kikatokea na, kabla hajahesabu hata tatu, dirisha la maongezi likajifungua juu yake bila kuguswa. Alirudia mara kadhaa kwa raha tu. Ilikuwa kama kutazama ua likichanua kwa amri.

Kisha akawaza jambo la pili, na hilo lilitoka kwenye malezi yake wala si kwenye saiba. Mpaka wakati huo mashine ilikuwa na mtumiaji mmoja, yeye. Jina lake lilikuwa hapo, picha yake ilikuwa hapo, na ndani mlikuwa na picha za Sylvia ambazo mtu hamwonyeshi mama mkwe. Ijumaa Nelima angewasha mashine mwenyewe saa ikikaribia, ili isile stima mchana kutwa, aingie kwa jina la Javan, kama mtu anayepita katika chumba cha kulala cha mkwe wake. Haikufaa. Basi akamtengenezea mlango wake. Aliunda mtumiaji mpya, akampa jina la Mama, bila neno la siri, ili asisumbuke. Mlango wake mwenyewe akautia neno la siri, ili Nelima hata akikosea asiingie. Aliweka pia picha mpya nyuma ya skrini yake, akazima.

Mlango wa Mama hakuufungua kuujaribu. Alikwisha kumpa, kuuingia tena ingekuwa utovu wa adabu.

"Zitatokea duara mbili," alimwambia Nyokabi jioni. "Ile iko na uso wangu, asiguse. Ile imeandikwa Mama, hiyo ndiyo yake. Akibonyeza tu, kila kitu kitajifungua. Hata mtoto anaweza."

"Na tusijaribu kwanza?"

"Landilodi ashaanza kuuliza nani anamaliza tokeni za stima. Iwashwe Ijumaa tu. Nimejaribu mwenyewe, inafanya."

Nyokabi alimpelekea Nelima habari, na Nelima, aliyejua kusoma kwa sababu ya Biblia, alifurahi kusikia kwamba jina lake limeandikwa ndani ya mashine.

"Nyokabi, mwambie mkwe wangu asante kwa kunijengea."

*

Ijumaa ghalani malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabarani. Mahindi ya Ainabkoi yalikuja na unyevu, ya Ziwa yalikuja makavu, na kila dereva aliapa kwamba yake ndiyo makavu zaidi. Javan alikaa kwenye kibanda cha mizani, mbele ya kompyuta iliyotumiwa na watu wa zamu zote. Vumbi la nafaka lilijaa angani, jua likapita ndani yake, na watu waliotembea uani walionekana kama wanatembea chini ya maji.

Ilikuwa imepita saa nane Ondiek, msimamizi wao, alipoingia kibandani.

"Toka kidogo, niprinti kitu."

Javan akasimama. Ondiek akatoka kwenye jina la Javan, akaingia kwa jina lake. Skrini ikakaa tupu.

"Mbona programu ya mizani haijitokezi? Kwako hujitokeza yenyewe."

"Kwangu ndiyo, bosi. Niliiweka ijianzishe nikiingia. Kwako lazima uifungue mwenyewe, maana kila mtu ako na..."

Akaitazama skrini ile tupu.

"Kila mtu ako na nini?"

Kila mtu ana folda yake. Aliijua sheria hiyo tangu siku za saiba. Alikuwa ameieleza kwa wateja wangapi? Programu aliiweka kwenye mlango wake, kisha akampa Nelima mlango mwingine. Alikuwa ametandika kitanda chumba hiki na kumwambia mgeni alale kile.

"Bosi, naomba ruhusa. Naenda nyumbani."

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Ni mama mkwe."

"Mama mkwe amekufa?"

"Hapana. Kompyuta yake haitafunguka."

Madereva wawili waliokuwa dirishani wakaangua kicheko. Ondiek alivua miwani.

"Javan. Nyinyi si hamwonani na mama mkwe? Hata kwetu, kwenye ziwa kubwa, tunamwogopa. Sasa unaenda kufanya nini, kusalimia mlango?"

"Nitajua nikifika."

"Na hizi lori?"

"Bosi, mke wangu anapiga saa tisa."

Ondiek alimtazama, akatazama foleni. "Enda. Lakini nusu siku nakata. Na usiniambie tena mambo ya mama mkwe mbele ya madereva, wataanza kuniletea ya kwao."

Javan alimpigia Nyokabi akiwa juu ya bodaboda, upepo ukimvuma mdomoni.

"Nyokabi, haitafunguka! Nimekosea."

"Si ulisema hata mtoto?"

"Itajifungua kwangu, si kwa Mama. Lazima mtu amwambie."

"Mimi niko Ziwa, nimezungukwa na wateja. Enda umwambie."

"Mimi?"

"Wewe."

"Nyokabi, siwezi."

"Basi sikia. Simama nje ya mlango, useme vile huniambia. Jifanye niko hapo. Yeye naye atajifanya. Kwani nikiwa hapo huwa nafanya nini? Mimi ni ukuta tu, na mdomo. Mama, hiyo jaketi haikutoshi, vua kabla ipasuke!"

Alikuwa amemgeukia mteja. Simu ikakatika.

*

Mlango wa Nelima ulikuwa umerudishwa, haukufungwa kwa ufunguo. Javan alisimama pembeni mwake, mgongo ukutani, uso ukielekea bomba ambako jirani mwingine, Emmaculate, alikuwa akifua. Kutoka ndani hapakusikika kitu. Angeweza kuusukuma mlango kwa kidole. Ndani kulikuwa na mwanamke asiyeweza kusimama bila kushikwa, na kitanda chake, na ndoo yake.

"Nyokabi," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. Akakohoa. "Nyokabi, muulize Mama kama imefunguka."

Emmaculate aliinua kichwa.

"Javan, unaongea na nani?"

"Na Nyokabi."

"Nyokabi ako Ziwa."

"Najua."

Ndani, Nelima alikuwa ameisikia sauti ya mkwe wake ikimwita mtu asiyekuwapo. Alikuwa amebonyeza jina lake kama alivyoelekezwa. Mashine ilimwambia asubiri, ikapitisha rangi moja baada ya nyingine polepole, samawati ikageuka zambarau, zambarau ikageuka nyeusi, mpaka akaona usingizi unamjia. Kisha kikaja kilima. Kilima kilekile, na juu yake mwanamke yuleyule mdogo. Alikuwa ameanza tena kumsubiri afike chini. Sasa sauti hii. Ilimchukua muda kuelewa adabu iliyokuwa ndani yake.

"Nyokabi," alisema kwa sauti ya kawaida, akiielekeza ukutani. "Mwambie mkwe wangu hapa hakuna kitu. Ni kilima tu."

Javan alifumba macho.

"Nyokabi, mwambie Mama kosa ni langu. Hicho kilima hakina mtu. Atoke huko, aingie kwa duara yenye uso wangu."

"Nyokabi, muulize mkwe wangu kama anajua anachosema."

"Nyokabi, mwambie najua."

"Mwambie basi, tangu nizaliwe sijaona mama akiingia chumba cha mkwe. Mama yangu hakuingia. Nikianza leo, kwa sababu ya mashine, nitawaambia nini watu?"

Emmaculate alikuwa ameacha kufua. Povu lilikuwa likipasuka taratibu kwenye viganja vyake.

"Nyokabi," alisema Javan, na sasa sauti yake haikuwa nyembamba, "mwambie Mama asipoingia, Sylvia atasaini."

Mashine ya mahindi ya jirani ilinguruma, ikapumzika. Nelima aliutazama mlango, kisha kilima.

"Nyokabi, muulize kwenye hiki kilima natoka kwa njia gani."

Javan alimwelekeza: pembe ya chini, alama ile, kisha lile jina la Mama, kisha neno la kutoka. Kila hatua aliitaja mara mbili, na kila mara Nelima alimjibu Nyokabi kwamba ameona. Kilima kikaondoka. Duara mbili zikarudi. Nelima aliutazama uso wa mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu siku ya mahari, ambapo aliuona kwa mbali chini ya kofia. Alikuwa kijana mwenye masikio makubwa. Akaubonyeza.

"Nyokabi, mwambie inaitisha kitu. Iko na mstari mtupu."

"Ni paswadi," alisema Javan.

Alikuwa amelichagua neno hilo Jumapili bila kufikiri, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na mkono. Lilikuwa jina alilomwita mkewe, gizani, mlango ukiwa umefungwa.

"Nyokabi, mwambie mkwe wangu saa zinaenda."

"C," alisema Javan.

"C," alisema Nelima, akaitafuta kwa kidole kimoja, akaipata.

"H."

"H."

"A. Halafu P."

Walikwenda hivyo, mmoja nje na mmoja ndani, kama darasa la ngumbaru, la watu wazima wanaojifunza kusoma. Nelima alitamka kila herufi kabla ya kuibonyeza, na Emmaculate naye, bila kujua, alikuwa ameanza kuitamka kimyakimya.

"T. I."

Ndani, Nelima aliziunganisha herufi.

"Nyokabi, mwambie mkwe wangu hii ni chapati."

"Nyokabi, mwambie Mama bado."

"Bado nini?"

Javan aliegemeza kichwa ukutani. "M. O. T. O."

Emmaculate aliinamia beseni mpaka uso ukagusa maji. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Ndani, Nelima alibonyeza zile herufi nne bila kuzitamka.

*

Dirisha la maongezi likajifungua lenyewe. Hakuna aliyeligusa. Nyuma yake, kwenye pembe ambazo halikufunika, palionekana picha: Sylvia na Javan wameketi ukingoni mwa kitanda, sahani moja magotini, wanacheka. Nelima aligeuza macho haraka, akayarudisha, akayageuza tena. Kisha simu ikaita, akaipokea.

Sylvia alitokea katika chumba ambacho kuta zake zilichorwa nyota. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi, na mashavu yake yalikuwa yameingia ndani. Picha ilisogea ikichelewa, hivyo sauti ilifika kwanza, na mdomo ukaifuata, kama mtu anayesema usingizini.

"Mayi! Nimekuona. Mguu?"

"Mguu upo."

"Javan ako wapi?"

"Nje."

"Mwambie aingie."

"Aingie wapi, mwanangu?"

Huko aliko Sylvia alikuwa ameisahau kidogo desturi ile.

"Mayi, leo watarudi mapema. Karatasi ni hii." Aliinua karatasi, ikawa nyeupe tupu kwenye kioo. "Nisaini?"

Nelima aliikunja ncha ya kitambaa chake. "Mume wako anataka usaini."

"Nyokabi!" Javan alipaza sauti kutoka nje. "Mwambie hapana! Sijasema hivyo!"

"Nyokabi, muulize, si alisema ni mimi wa kusema?"

"Nilisema hivyo nikifikiri Mama ndiye anataka! Mwambie Sylvia arudi. Mimi nataka arudi. Nilitaka tangu siku ya kwanza."

Sylvia alisogeza uso karibu na kioo. "Nyokabi ako hapo?"

"Ako Ziwa," alisema Nelima.

"Sasa mnaongea na nani?"

Wiki nzima Nelima alikuwa amemhukumu mwanamume yule wa upande wa pili wa ukuta, na ukuta wenyewe ni mbao na bati.

"Na kliniki?" Sylvia aliuliza. "Nani atalipa?"

"Mguu ukitaka kupona utapona. Usipotaka, si mimi wa kwanza kuchechemea Moi's Bridge. Baba yako ana gunia zake za mahindi zimebaki. Rudi."

"Arudi!" Javan alisema nje.

Sylvia alicheka, na cheko lake lilifika kabla uso haujabadilika. Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia ndani ya nguo, kifuani.

"Nimewasikia wote wawili. Sisaini. Mkataba unasema tiketi ni yao, nitawaambia wanipe. Mayi, gari... gari limefika. Mwambie Javan..."

Picha ikaganda. Kwa muda Sylvia alibaki pale, macho nusu wazi, nyota zimemzunguka kichwa. Kisha kitone cha kijani kando ya jina lake kikawa kijivu, naye akatoweka, wakabaki wale wawili wenye sahani moja, wanacheka.

Kutosaini ni jambo moja, na kupewa tiketi ni jambo jingine. Hilo wote watatu walilijua. Lakini Jumamosi wakala angeikosa karatasi, na hilo pia lilikuwa jambo.

*

Makapi yalikuwa yanaingia tena dirishani, kidogo kidogo, yakimetameta. Javan alikuwa amechuchumaa kando ya mlango. Emmaculate alianika nguo zake bila kusema kitu, na alipopita karibu naye alimwekea mkono begani, akaenda zake.

"Nyokabi," alisema Javan hatimaye, "mwambie Mama jioni nitairekebisha. Nitaiweka kwa mlango wake pia. Hataingia kwangu tena."

Nelima aliitazama picha. Sasa aliitazama bila kugeuza macho. Sylvia alikuwa mnene kidogo wakati huo, na kipande cha chapati kilikuwa mkononi mwa Javan, nusu ya njia kuelekea mdomoni mwake.

"Nyokabi," alisema, "mwambie mkwe wangu asijisumbue. Ule mlango wangu aubomoe. Tutatumia wake."

Akaiweka plasta sawa juu ya kreti.

"Na umwambie abadilishe hiyo paswadi. Watu wa bomba wameisikia."

"Sawa, Mama," alisema Javan.

Wote wawili walisikia kwamba jibu hilo halikupitia kwa mtu. Hakuna aliyelitaja. Nelima alimimina chai iliyobaki kwenye kifuniko cha chupa, akainywa ikiwa baridi. Huko Ziwa, Nyokabi alikuwa akimvisha mkulima mmoja koti la sufu, akimgeuza huku na huku mbele ya umati, wala hakusikia hata neno moja katika yote aliyoambiwa alasiri hiyo.